Msiba Usio na Matanga



Usukumani mtu haachwi alie peke yake. Akifa mtu hapa Tinde, mkoani Shinyanga, kabla jua halijazama turubai limeshafungwa, wanaume wameketi nje, kina mama wako kwenye mafiga, na daftari la rambirambi linapita mkono kwa mkono. Asiyeonekana msibani atajieleza mbele ya wazee. Ni utaratibu mzuri, na mimi huutetea kila nikipata nafasi. Ila una pengo moja: haumjui mtu aliyefiwa na mbwa. Huyo hana turubai wala daftari, na akionekana macho mekundu atasingizia vumbi.

Mzee mmoja wa kigango chetu alinisubiri nje ya sakristia mpaka watu wote wakatawanyika. Mbwa wake alikuwa amegongwa na lori pale njia panda, yanapoachana magari ya Shinyanga na Mwanza na yale yanayokwenda Isaka, Kahama na kuvuka mpaka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeungama: “Baba Padre, ni dhambi kumlilia mbwa?”

Nikamwambia, si dhambi, mzee wangu. Lakini swali lake lilistahili zaidi ya maneno mawili ya mlangoni.

Tuanze na ukweli kwamba mbwa tunamtumia sana na kumheshimu kidogo. Jina lake ni tusi. Chakula chake ni ukoko. Hata jina tunalompa mara nyingi si lake: tunambandika fumbo la kumsema jirani, ili jioni tukimwita mbwa, jirani ndiye asikie. Na bado ndiye anayetoka na watoto kwenda machungani, na ndiye anayelala nje tukilala ndani. Wazee wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe uliposhamiri na sungusungu wakaanza huku kwetu Usukuma na Unyamwezi. Tunasimulia filimbi, tunasimulia pinde na mishale. Hatusimulii kwamba katika maboma mengi, kabla filimbi haijapulizwa, kuna mbwa alikuwa ameshabweka.

Sasa fungueni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Nabii Nathani anatumwa kwa Daudi, mfalme aliyetwaa mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe. Nathani hamwanzii na Uria. Anamwanzia na mwanakondoo. Maskini mmoja alikuwa na mwanakondoo wa pekee, amemlea pamoja na wanawe. Alikula tonge lake, alinywea kikombe chake, alilala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Tajiri, aliyejaliwa makundi ya mifugo, akamchukua huyo mmoja, akamchinjia mgeni.

Angalieni Daudi anavyojibu. Hasemi, “Mwanakondoo tu huyo, atapata mwingine.” Anawaka hasira, anaapa kwamba mtu huyo amestahili kufa na kwamba alipe mara nne. Daudi alikuwa mchungaji tangu utoto, na Nathani alijua mlango upi wa moyo wake ulikuwa haujafungwa. Mfalme ambaye dhamiri yake ilinyamazia damu ya binadamu mwenzake aliamshwa na mnyama mmoja wa maskini. Kila nikisoma sura hiyo nashangaa kwamba Mungu hakuona aibu kupita njia hiyo.

Na yupo mbwa wa Tobia. Kijana Tobia anaondoka Ninawi kwenda Umedi pamoja na malaika Rafaeli asiyemtambua, na Kitabu cha Tobiti kinataja kwamba mbwa naye alikwenda nao. Wanaporudi, mbwa anatajwa tena. Basi. Hafukuzi fisi, hakamati mwizi, hafanyi muujiza. Mwandishi angeweza kumwacha nje ya hadithi na isingepungua kitu, tena katika taifa ambalo mbwa alidharauliwa pengine kuliko hapa kwetu. Hakumwacha. Safari yenye malaika ikawa na nafasi ya mbwa pia.

Najua wapo watakaoninong'oneza: Padre, kuna watoto wanalala njaa, wewe unahubiri mbwa? Swali hilo ni halali. Tena nitaliongezea uzito: nimemwona mwanaume anayemchagulia mbwa wake minofu huku mkewe anaomba pesa ya chumvi. Mapenzi ya namna hiyo si utakatifu. Lakini tusidhani kwamba huruma ni kihenge cha mtama, kwamba debe ukimpimia mnyama limepungua kwa mtoto. Mkoa huu umezika vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Waliowaua hawakuwa watu waliozidiwa na huruma kwa mbwa.

Mzee aliniuliza pia kama atamkuta mbwa wake mbinguni. Mhubiri, sura ya 3, aliuliza ni nani ajuaye kama roho ya mwanadamu inapanda juu na roho ya mnyama inashuka chini, na hakujijibu. Paulo anawaandikia Warumi kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja nasi vikingoja kukombolewa. Viumbe vyote, hapo ndipo ninaposimama, sisogei mbele wala nyuma. Misa ya wafu sitamsomea mbwa, na mzee hakuiomba. Kumshukuru Mungu kwa miaka aliyokaa naye, hilo alilifanya mwenyewe, na sikuona cha kumsahihisha.

Heshima ina kazi zake pia. Mzike, usimtupe korongoni. Chimba shimo refu, mbali na kisima. Aliye hai mpe maji msimu huu wa jua kali, na mpeleke akachanjwe. Kichaa cha mbwa hakina huruma: dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na karibu wagonjwa wote hukipata kwa mbwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kimataifa ya kupambana nao, lakini msingoje tarehe. Mfuateni ofisa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, si kwa mganga. Familia iliyolazimika kumuua mbwa wake kwa sababu ya kichaa ina uchungu maradufu, kwa sababu chanjo ingemwokoa.

Wanaoona haya kumwenzi mnyama wamkumbuke Magawa, panya buku aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akanusa mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Alipokufa Januari 2022 alitangazwa duniani kote. Panya, jamani.

Kwa hiyo wiki hii, wanajumuiya wa mzee yule, piteni kwake. Hana haja ya mchango. Msimwambie ni mbwa tu, na msimkimbizie mtoto wa mbwa kwenye kikapu. Aliyetaka kumletea ameshaambiwa asubiri hadi mavuno. Mkimkuta amekaa, kaeni naye, mumwombe awasimulie alivyokuwa. Atasimulia sana. Mbebe subira.