Je, mgeni ana neno katika msitu wa mwenyeji?



Tangu kambi yetu ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, kuni zimeleta manung'uniko kati yetu na wenyeji. Wao husema tunawamalizia msitu. Sisi husema maharage hayaliwi mabichi. Wanaoumia zaidi ni mama na mabinti wanaokwenda mbali porini, wakirudi na hofu kuliko kuni.

Wote tunakubali kwamba msitu upangwe. Lakini nani aupange? Wengine kati yetu hujibu: sisi ni wapita njia, hayo hayatuhusu. Neno hili linafanana na unyenyekevu, lakini tulipime. Anayekataa kikao huku akiendelea kushika panga, amekataa mzigo tu. Faida bado anaichukua.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku yetu ya tatu ilipita zamani. Hata hivyo jembe halimgeuzi mgeni kuwa mwenye shamba. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inawapa wanakijiji nafasi ya kutenga msitu wao na kuusimamia. Hilo tuliheshimu. Lakini atumiaye msitu kila siku ana wajibu juu yake, na mwenye wajibu hana budi kusikilizwa.

Tujifunze kwa wenyeji wenyewe. Huko Babati, serikali ilipotaka kuuchukua msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake, watu waliona unawaponyoka, wakazidi kukata. Miaka ya 1990 vijiji vilipokabidhiwa msitu huo, viliweka walinzi na sheria zao, na ukaanza kupona. Mpango uliofanywa bila mtumiaji humfanya mwizi. Uliofanywa pamoja naye humfanya mlinzi.

Basi tuwaombe wenyeji kikao, na wasiende viongozi peke yao. Waende akina mama, maana ndio wanaojua njia za kuni. Tukubaliane sehemu gani ipumzike na wapi tuokote kuni kavu. Miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka kwenye kisiki, mradi tusiking'oe wala kukichoma. Kulinda kisiki ni kupanda mti. Na jikoni tuloweke maharage usiku, tutumie jiko la udongo badala ya mafiga matatu.

Mninga hukua polepole. Huenda tusiuone ukikomaa. Lakini Yeremia, sura ya 29, aliwaandikia waliohamishwa Babeli wapande bustani na kuutakia mema mji walimokaa, ingawa walikuwa na ahadi ya kurudi. Kutamani nyumbani hakutuzuii kutenda haki hapa. Tukirudi, tuwaachie waliotupokea kivuli, tusiwaachie jangwa.