Hoja ya "Kichwa Ni Changu"

Yako maneno mawili ambayo watu huyataja pamoja, ilhali hayawezi kukaa nyumba moja. Niliyasikia yote mawili kwa kinywa kimoja huko Daraja Mbili, soko kubwa la mji wa Kisii, ambako pikipiki za abiria hupishana na wachukuzi wa ndizi tangu alfajiri hata magharibi. Kijana aliyenipakia alikuwa nayo kofia ngumu, ile waiitayo helmeti, lakini ameitundika kwenye usukani. Nikamwuliza sababu. Akanijibu: "Sheikh, kichwa ni changu, na ajali ni kadari ya Mungu."

Tuanze na hilo la pili, kwani ndilo jepesi. Mtume wetu (S.A.W.) alimtegemea Mola wake kuliko sisi sote, naye siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, alivaa kofia ya chuma. Ilipopigwa ikavunjika, pete zake mbili zikamzama shavuni, na Abu Ubayda bin al-Jarrah akazing'oa kwa meno hata meno yake ya mbele yakatoka. Abu Ubayda huyo huyo ndiye ambaye baadaye alimwuliza Sayyidna Umar, alipourudisha msafara wake katika njia ya Sham kwa sababu ya tauni, iwapo anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamfahamisha kuwa kurudi kwake nako ni kadari ya Mungu. Basi na kuvaa ni vivyo hivyo. Wala sijamwona mwenye pikipiki anayeacha breki zake zikatike kwa kutawakali.

Amma la kwanza lina uzito, na si haki kulidharau. Mtu mzima hapendi kuamrishwa avae nini. Akiuliza, "Leo kofia, je, kesho nitakatazwa sukari?", swali lake si la upuzi. Huko Marekani majimbo ya Florida, mwaka 2000, na Michigan, mwaka 2012, yalilegeza sheria hii kwa watu wazima kwa hoja hii hii ya khiyari.

Lakini wanachuoni wetu, na al-Ghazali ni mmoja wao, walipoyahesabu mambo matano ambayo Sharia imekuja kuyahifadhi, waliitaja nafsi, kisha wakaitaja akili peke yake. Hapa ndipo hoja ya kijana yule ivunjikapo. Kuchagua ni kazi ya akili. Wanachuoni walikhitalifu kama makao ya akili ni moyo au ubongo, lakini walijua vyema kuwa pigo la kichwa huweza kuiondoa, ndiyo maana wakaiwekea diya kamili. Mla sukari akitanabahi kesho aweza kuacha. Aliyepasuka kichwa barabarani hana kesho ya kubadili rai yake. Hiyo khiyari anayoitetea ndiyo kwanza kumwagika. Uchunguzi uliokusanya tafiti 61, uliotolewa mwaka 2008, ulikuta kuwa kofia hizi hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa faida kama hiyo, sioni dhuluma katika sheria ya Kenya imtakayo dereva na abiria wake wavae.

Tena kichwa hicho si chake peke yake. Siku alipoitundika kofia, hakumtaka shauri mkewe, ambaye ndiye atakayemlisha kwa kijiko, wala mama yake, atakayepita mlango hadi mlango akichangisha fedha za hospitali, wala wanawe.

Hata hivyo lawama zote zisimshukie kijana. Yuko mwenye pikipiki, akaaye barazani akingoja hesabu yake ya jioni, asiyemnunulia hata kofia moja ya abiria. Huyo ana sehemu yake ya dhima mbele ya Mungu, na kubwa. Na abiria nao huchukia kofia iliyopita vichwa ishirini kwa siku moja. Chukizo hilo ni la kweli, lakini kitambaa chepesi chatosha kulitatua, na ushungi wa mama zetu hukaa chini ya kofia bila taabu.

Nilipokwisha kumweleza haya, kijana alinitazama akaniuliza: "Na wewe, sheikh, mbona umepanda na hiyo kofia ya kushona?" Nikakosa jibu. Masingasinga huko Uingereza wamesamehewa kwa sheria tangu mwaka 1976 kwa ajili ya vilemba vyao, sisi hatuna udhuru huo, kwani Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliingia Makka, mwaka wa 8, kichwani ana kofia ya chuma. Nikaivua yangu, nikaitia mfukoni, nikaomba ile ya kwenye usukani. Ikawa iko moja tu, nasi tu wawili. Nikamwambia aivae yeye, nami nikaenda kwa miguu.