Tumbo la Gitaa

Debe tupu haliachi kuvuma, walituambia wazee, na tangu hapo tumeamini kwamba utupu ni aibu. Maneno mazito ndiyo ya kusikizwa, na simu nyepesi lazima ni feki. Lakini hebu muulize mpiga gitaa. Gitaa la kawaida, lile la kesha na la kwaya, linalia vizuri kwa sababu tumboni mwake hamna kitu. Lizibe tumbo hilo, utabaki na ubao wenye nyuzi. Kwa hivyo swali langu si kama utupu ni mbaya. Swali ni kama ni haki kuuficha.

Gitaa la umeme ndilo lililonitia kwenye mawazo haya, kwa sababu lenyewe halihitaji tumbo. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme unazaliwa, amplifaya inamaliza kazi. Mwili wake unaweza kuwa gogo tu. Karibu mwaka 1940, jijini New York, mpiga gitaa Les Paul alichukua gogo la msonobari lenye upana wa inchi 4 kila upande, akalifunga nyuzi na sumaku. Lililia, lakini watu hawakulikubali kwa sababu halikufanana na gitaa. Basi akapasua gitaa lenye tumbo, akabandika vipande vyake ubavuni mwa gogo kama mabawa. Sasa watu wakamsikiza. Gogo ndilo lililofanya kazi, utupu ulikuwa vipodozi.

Mwaka 1952 kampuni ya Gibson ikaanza kuuza gitaa la mbao nzima lenye jina lake. Ni zito kwelikweli. Mengine, hasa ya miaka ya 1970, yanafika kilo 5 na zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kikaanza kutoboa mashimo 9 ndani ya mahogani kabla ya kubandika ubao wa juu. Kwa nje huoni kitu, na kwa miaka mingi hayakutangazwa. Wapo waliokuja kuyaona kwa eksirei. Mtu aliyekuwa akiapa kwamba mbao nzima ndiyo siri ya mlio wake anakuta amekuwa akipiga ubao uliotobolewa kama sega la nyuki. Gogo la Les Paul lilijifanya lina tumbo, na sasa gitaa lenye jina lake likajifanya halina.

Linganisha na Fender. Mwaka 1968 walitoa Telecaster iliyochimbwa ndani, wakaitoboa usoni tundu lenye umbo la herufi f. Ukiiona tu, unajua.

Kuna hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Kama masikio hayakugundua kwa miaka, nani aliumia? Si migongo ndiyo iliyopona? Wanaopiga kelele zaidi kuhusu mbao nzima mara nyingi hupiga wakiwa wamekaa sebuleni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Rafiki yangu mmoja hubeba mzigo huo kila wikendi. Anapiga rhumba klabuni, saa tatu usiku hadi saa nane, akiwa amesimama, mkanda ukimkata bega. Alipochoka, alipeleka gitaa lake kwa seremala. Wakaacha gogo katikati, kutoka shingoni hadi pale nyuzi zinapofungwa, wakachimba pande mbili kutoka nyuma, wakafunika kwa ubao mwembamba na kupiga rangi. Uzito ulipungua karibu kilo nzima. Shida ilikuwa moja: mwili ukiwa mwepesi, shingo inataka kuanguka, kwa hivyo akatafuta mkanda mpana wa ngozi usioteleza. Mlio? Mimi sikusikia tofauti. Hadi hapo sina neno. Gitaa ni lake, bega ni lake.

Halafu kodi ya nyumba ikafika na akaamua kuliuza. Mnunuzi alikuwa kijana wa bendi ya kanisa, na pesa alikuwa amezichanga miezi. Rafiki yangu akaniambia mapema, "Buda, asipouliza, hatusemi." Kijana akalinyanyua, akafurahi, kisha akanigeukia mimi. "Mkubwa, hii ni mbao nzima?"

Nikamwambia ilichimbwa, na wapi. Akashukuru, akasema atafikiria, akaenda. Hakurudi.

Rafiki yangu hakunisemesha wiki mbili. Aliponisemesha, alikuja na swali: "Sasa wewe ulimwokoa na nini? Na mgongo mzuri?"

Ni swali zuri, na nina majibu mawili. La kwanza ni la fundi. Kijana yule angetaka siku moja kufunga mkono wa kuyumbisha nyuzi, au kuhamisha kifungo cha mkanda, angechukua drili na kutoboa pale alipoamini pana mbao. Skrubu ingekutana na hewa. Ukimficha mtu utupu, unamfanya apange kazi zake juu ya kitu ambacho hakipo. La pili ni kwamba wepesi ule ulikuwa faida, na angeweza kuambiwa kama faida. Rafiki yangu alikuwa na habari njema mkononi, ila aliichukulia kama aibu, na hapo ndipo biashara ilipoharibika. Siwezi kusema kwamba ukweli haukumgharimu. Alikopa ili alipe kodi.

Lakini hata Gibson siku hizi wana Les Paul za mbao nzima na zilizopunguzwa uzito, na wanasema ipi ni ipi. Watu wananunua zote. Aliyetaka uzito anaubeba kwa hiari yake.

Nadhani tunaogopa kwa sababu tumezoea kupima thamani ya mtu kwa mzigo anaobeba. Kifungua mimba anayelipia kila mtu karo akiamua kutua sehemu ya mzigo, hasemi. Anaacha kupokea simu, huku akitaka aendelee kuonekana gogo. Simlaumu kwa kutua. Ila kuna mdogo wake mahali fulani anayepanga muhula wake juu ya mbao ambayo haipo tena, na huyo anastahili kuambiwa kabla hajatoboa.