Jicho Nalo Hufanya Taklidi

Katika kurasa kama hizi husemwa mara nyingi: acheni taklidi, tazameni wenyewe. Maneno haya ni ya haki. Lakini je, kila atazamaye huwa ameona?

Huko Lanet, karibu na mji wa Nakuru, iko taasisi ya serikali ya utafiti wa ng'ombe wa nyama, na wengi wa pande zile riziki yao ni mifugo. Miongoni mwa maradhi yanayohofiwa na wafugaji ni ndigana kali, iletwayo na kupe. (Wazungu waliipa jina la pwani yetu, kwa kuwa ng'ombe waliosafirishwa kutoka huku ndio walioifikisha Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, mwanzoni mwa karne ya 20. Kupe hajui pwani wala bara!) Ng'ombe akipata homa na tezi ya chini ya sikio ikavimba, daktari wa mifugo hutoa majimaji ya tezi kwa sindano, huyatandaza juu ya kioo, huyatia rangi iitwayo Giemsa, kisha huyatazama kwa hadubini, yaani darubini ya vitu vidogo. Dawa ni ghali, na ikichelewa haifai kitu.

Sasa mfikirie anayejifunza chombo hiki. Siku za mwanzo huona kope zake mwenyewe, mapovu ya hewa na mashapo ya rangi isiyochujwa vyema. Kila doa la zambarau kwake ni kimelea. Kwa nini? Kwa sababu ameambiwa ng'ombe ana ndigana, naye ataka kuona aliloambiwa. Basi mtu huyu ametoka katika taklidi ya masikio, akaingia katika taklidi ya macho. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki karibu mwaka 1040, alitenga sehemu nzima ya Kitab al-Manazir kueleza makosa ya jicho.

Na kusema "hakuna" ni kuzito kuliko kusema "kuna". Katika kupima malaria, Shirika la Afya Duniani lataka mpimaji atazame sehemu 100 za kioo, moja baada ya moja, kwa lenzi kali itiwayo mafuta, kabla ya kuandika kwamba damu ni safi. Aliyetazama 20 akaandika "hakuna", na ikasadifu kweli hakuna, je, amesema kweli? Sisi twasema: neno lake limesadifu, lakini ushahidi wake ni wa uongo, maana ameshuhudia kutazama asikotazama. Mwenye homa aliyelipa senti zake hakununua bahati. Alimwekea mtu amana.

Kila mwaka twabishana juu ya mwandamo wa mwezi, na twamhoji sana anayesema ameuona. Anayesema haukuonekana hatumuulizi alisimama wapi, wala alitazama kwa muda gani.