Sindano Ina Uzito Gani?

Anayerudi kwenye santuri siku hizi huanza na swali la pleya: ninunue gani, ya pesa ngapi? Ataonyeshwa ile ya kisanduku, ina mpini kama mkoba, spika ziko ndani, rangi yake yatoka vizuri kwenye picha. Bei haiumi. Sauti je? Si mbaya. Basi, analipa.

Swali ambalo haulizi ni la uzito wa sindano. Santuri haisikiki bila kuguswa: sindano hupita ndani ya mfereji mwembamba, na kila ikipita inakula kidogo. Pleya nyingi za kisanduku hukandamiza kwa gramu tano hivi, na huwezi kuzipunguza. Pleya yenye mkono unaorekebishwa, ule wenye kidude cha uzani nyuma, hutulia kwenye gramu mbili au chini yake.

Kijana wa London anayecheza albamu maarufu iliyochapishwa upya hana haja ya kukosa usingizi. Ikichakaa, ataagiza nyingine. Lakini hizi za mizunguko 45 zilizobaki Migori na Homa Bay? D.O. Misiani, aliyezaliwa karibu na Shirati mwaka 1940, ng'ambo tu ya mpaka, hatapotea; nyimbo zake ziko YouTube. Oluoch Kanindo alisambaza benga mpaka Zimbabwe, wakauita mtindo wenyewe kwa jina lake. Wanaonisumbua ni wale wengine, bendi zilizorekodi wimbo mmoja au miwili Nairobi miaka ya 70 kisha zikavunjika. Nakala ya wimbo kama huo iliyo kwenye stoo yenu huenda ndiyo ya mwisho.

Ni yako? Umeirithi, kwa hiyo ni yako. Hata mwenye mbegu ya mwisho kijijini anaweza kuipika akala, na hakuna askari atakayemkamata. Ila tutamtazama kwa jicho lingine.

Binamu yangu hakubali. "Bro, si zilitengenezwa zichezwe?" Ana haki, karibu yote. Wimbo wa benga ulikatwa mara mbili, nusu upande huu, nusu ule. Watu walisimama katikati ya ngoma wakingoja santuri igeuzwe. Ile mikwaruzo ni alama za sherehe. Na wanaozifunga kwenye plastiki wakisubiri mnunuzi wa Ulaya siwasifu hata kidogo, maana hao wamemnyima kila mtu, wakiwemo wao wenyewe.

Kwa hiyo mimi ningesubiri. Ningetafuta pleya kuukuu yenye mkono wa kurekebisha, hata kama haina sura. James Rugami pale Soko la Kenyatta, Nairobi, ameuza santuri kwa miaka mingi, na watu kama yeye watakwambia ukweli kuhusu mashine. (Na kama mzee aliacha zile nzito za 78, sindano yake ni tofauti kabisa, usijaribu kuchanganya.) Ningezirekodi zote mara moja, vizuri, ndipo nianze kucheza.

Lakini nyanya yetu, tunayemwita dani, yuko Ndhiwa na umri umeenda. Anataka kuusikia wimbo aliochezea ujanani, na si mwaka ambao mimi nitakuwa nimemaliza kuchanga pesa. Hapo hesabu yangu ya gramu inaanza kunitia aibu. Ninailinda santuri kwa ajili ya msikilizaji ambaye hajazaliwa, huku aliyeinunua kwa pesa zake mwenyewe anangoja? Sioni namna ya kumweleza dani hilo nikiwa nimemtazama usoni.

Binamu amesema Desemba atapanda basi na kisanduku chake cha rangi ya chungwa. Nimemwambia abebe sindano mpya, na simu ikiwa na chaji.