Dinari ya Mwenzetu



Katika kalenda ya zamani ya Kanisa letu, Injili ya Jumapili ya Septuagesima, yaani ya tatu kabla ya Kwaresima, ilikuwa ile ya wafanya kazi katika shamba la mizabibu (Mathayo 20:1-16). Wengi wetu twaijua tangu mafundisho ya Kipaimara. Leo twataka kuisoma tena kwa ajili ya jambo moja linalotusumbua kazini: mwenzako akiongezwa mshahara, nawe hukuongezwa, au umeongezwa kidogo tu, mtazungumzaje ninyi wawili?

Jambo hili si geni kwetu. Mwezi wa Mei 2022 Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kimepanda kwa asilimia 23.3. Wengi walidhani kila mtumishi atapata kiasi hicho. Julai ilipofika, wa ngazi za juu waliona nyongeza ndogo, na manung'uniko yakawa mengi nchini. Tena, siku ya Mei Mosi 2025, huko Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima hicho kitatoka shilingi 370,000 kwa mwezi hadi shilingi 500,000, kuanzia Julai mwaka ule. Habari kama hizi zikifika huku milimani, chai ya saa nne katika ofisi ya walimu hunywewa kimya. Watu wanaoshuka pamoja hadi Soni kila siku, wanaokopeshana unga na nauli, kila mmoja aitazama simu yake na kuigeuza chini.

Kwa nini twanyamaza? Tukijichunguza tutaona sababu tatu. Ya kwanza ni hofu ya kuombwa. Ikijulikana kwamba fulani ameongezwa, kadi za michango ya arusi humjia kwa wingi, na ndugu wenye ada za shule hubisha hodi. Ya pili ni aibu ya aliyepata kidogo, anayedhani kwamba mshahara wake ndio kipimo cha utu wake. Ya tatu ni kiburi cha aliyepata zaidi. Huyo hanyamazi kabisa. Hutaja kidogo, akaficha kidogo, ili wenzake wabaki wakikisia.

Sasa tutazame shamba la mizabibu. Jioni mwenye shamba alimwagiza msimamizi alipe mishahara akianza na wale walioingia mwisho. Angeanza na wale wa alfajiri, wangepokea dinari yao wakaenda zao wakiwa wamefurahi, na manung'uniko yasingekuwako. Lakini hakutaka kuficha. Alilipa mahali pa wazi, kila mtu akiona mkono wa mwenzake, kama vile wachumaji wa chai huku Usambara wanavyopimiwa majani kwenye mizani, kila mmoja akizisikia kilo za mwenzake. Bwana wetu hakutufundisha kwamba amani hujengwa juu ya siri.

Tena tuangalie jambo la pili. Wale wa alfajiri walikasirika, lakini neno lao walilipeleka kwa mwenye shamba. Hatusomi kwamba waliwanunia wale wa saa ya mwisho, wala kuwapokonya dinari. Hapa ndipo sisi twakosea. Mwajiri anapogawa vibaya, twaacha kumsalimu mwenzetu, ambaye hakugawa kitu. Ndugu, aliyepata zaidi yako si mdeni wako. Kama kuna deni, liko kwa anayelipa, na huko ndiko kwa kuulizia.

Na jambo la tatu: wale wa mwisho walikuwa wamesimama sokoni mchana kutwa bila mtu wa kuwaajiri. Wenzao waliiona dinari, hawakuiona njaa ya mchana ule. Kabla hujauliza mwenzako amepata kwa nini, uliza amesimama wapi. Huenda alikaa miaka mingi bila kupandishwa daraja, na nyongeza ya leo ni haki iliyochelewa. Huenda pia watu wawili wa mshahara mmoja hawaendi nyumbani na fedha sawa, kwa kuwa mmoja ana makato ya bodi ya mikopo na mkopo wa benki.

Lakini asitokee mwajiri akautumia mfano huu kama ngao. Mwenye shamba yule alitimiza mapatano, wala hakuna aliyeondoka na pungufu ya riziki ya siku. Labani ndiye aliyembadilishia Yakobo ujira wake mara kwa mara, na Mungu hakunyamaza. Naye Mtume Yakobo ametuonya kwamba ujira uliozuiliwa una kilio chake, na kilio hicho chamfikia Bwana.

Kwa hiyo kuna wakati ambapo kunyamaza ni dhambi. Kwa watumishi wa serikali ngazi zajulikana: mwalimu wa cheti huanza TGTS B, wa stashahada TGTS C, wa shahada TGTS D. Lakini katika hoteli, maduka, na shule za watu binafsi, mara nyingi kila mtu hupatana na mwajiri peke yake. Tuseme wapishi wawili, mwanamume na mwanamke, wameajiriwa mwaka mmoja kwa kazi ile ile, na mwanamke apokea pungufu bila sababu. Mwanamume akijua, akanyamaza ili asiharibu kikombe chake, ameshiriki katika dhuluma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa kati ya mwanamume na mwanamke, na iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya kusikiliza mashauri ya kazi. Lakini yule mama atadai nini, ikiwa hajui mwenzake alipwa nini? Neno moja la ukweli kutoka kwa mwenzake laweza kuwa mlango wake.

Basi tusemeje? Kwanza, tusiseme uongo. Si lazima kumtajia kila mtu kiasi. Waweza kusema, "Nimeongezwa, namshukuru Mungu, ila kiasi naomba nibaki nacho." Hilo si kosa. Kosa ni kusema, "Aa, sisi sote ni wale wale," hali ukijua sivyo. Pili, mwenzako akikuuliza kwa ajili ya haki yake, mwambie wazi, faraghani, bila kumsimanga. Tatu, ukiwa ndiwe uliyepata kidogo, uliza kwa adabu, ukisikia jibu umpongeze kwanza, kisha upeleke neno lako kwa mkuu wako ukilitaja jina lako peke yako. Usimfanye mwenzako kuwa shahidi bila ridhaa yake.

Na aliye na zaidi ndiye aanze. Mwezi wa Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana Dar es Salaam juu ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa hasira juu ya mishahara mikubwa nchini. Lakini alianza na wake mwenyewe, akatangaza kuupunguza kwa asilimia 20. Ni rahisi kwa mdogo kusema mbele ya mkubwa aliyekwisha kufungua kinywa juu yake mwenyewe.

Hapo nasi wa Kanisa tujihukumu. Je, twajua katekista wetu apata nini, na mlinzi wa kanisa, na mama afuaye nguo za altare? Twapitisha mapato na matumizi haraka haraka ili tuwahi chakula. Tukiwahimiza walimwengu walipe wazi, na meza yetu iwe wazi.

Juma hili, kila mmoja wetu amkumbuke mwenzake mmoja wa kazini ambaye salamu zimepungua kati yao tangu nyongeza ilipotoka. Amwendee, wanywe chai pamoja, na neno lisemwe.

Ee Bwana wa shamba, uliyetuita saa mbalimbali, utuondolee jicho la husuda na ulimi wa majivuno. Utupe ujasiri wa kusema kweli kwa ajili ya aliyepunjwa, na moyo wa kufurahi dinari ya mwenzetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.