Ramadhani 14: Usingoje Kiinua Mgongo



Kuna neno tunalipenda sana makazini: *nikistaafu*. Nikistaafu nitasoma Qur'ani vizuri. Nikistaafu nitakwenda Hija. Nikistaafu nitakaa na wazee. Kwa mtumishi wa umma hapa Tanzania, kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Nani amekuhakikishia kuwa utafika? Na hao wazee, watakuwepo?

Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tuwahi mambo matano kabla ya matano, miongoni mwake afya kabla ya maradhi, na faragha, yaani nafasi, kabla ya kushughulishwa.

Utasema: nafasi naipata wapi, mtu wa kutoka asubuhi kurudi usiku? Itazame hiyo simu uliyoshika. Zamani umeme wa LUKU ulikuwa wa kufuata dukani. Pesa ya mama ulimtafuta kondakta wa basi unayemuamini. Ukitaka kujua salio benki, uombe ruhusa kazini ukapange foleni. Leo yote hayo unayamaliza ukiwa umekaa kwenye daladala. Basi hiyo ndiyo faragha! Allah amekuonjesha uhuru wa mstaafu ukiwa bado una nguvu zako.

Swali: muda huo unakwenda wapi? Simu iliyokuokolea saa moja mchana, usiku inakula tatu. Klipu moja, ya pili, ya kumi... mara muadhini wa Alfajiri huyo, na daku imekupita. Tumetoka foleni ya benki, tumeingia foleni ya klipu.

Sisemi usifurahi. Mwili wako una haki juu yako, na mkeo au mumeo ana haki juu yako. Mpigie mama kwa video, wajukuu wamchekeshe. Jumapili ambayo zamani ungezunguka kulipa bili, watoe watoto wakapunge upepo. Ukinuia kheri, hiyo nayo ni ibada.

Na Hija? Sa'i peke yake, Safa na Marwa mara saba, ni zaidi ya kilomita 3 kwa miguu. Unangoja kiinua mgongo, je, mgongo wenyewe utakungoja? Anza kuweka kidogo kidogo kwa simu hiyo hiyo, kwenye akaunti isiyo na riba.

*Kazi ya leo:* chukua jambo moja kwenye orodha yako ya "nikistaafu", ulianze leo kabla ya kufuturu. Kama ni Qur'ani, iweke kwenye simu: kurasa 4 baada ya kila swala ya faradhi, kwa msahafu wa Madina, ni kama juzuu moja kwa siku. Mwezi mmoja, umekhitimu.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika umri wetu na nyakati zetu, na usitujaalie kuwa wenye kujuta. Aamin.

Mtumie na mwenzako, kisha weka simu chini. 🌙